Kupimwa na Kupimika: Mpaka kati ya Fizikia ya Kwanta na Fizikia ya Klasiki

1. Utangulizi

Treni itokayo Lubumbashi kwenda Kamina hupita Likasi, Tenke na Luena, huuvuka mto Lualaba hapo Bukama, kisha hufika Kabondo-Dianda, katika mkoa wa Haut-Lomami. Sehemu hii ya reli ni miongoni mwa zile zilizowekewa nyaya za shaba ili injini ziendeshwe kwa umeme. Mtu anayesimama stesheni na kuinua macho haoni siri yoyote katika waya wa namna hiyo. Hulegea kwa joto la mchana, hukaza kwa baridi ya alfajiri, na mkondo upitao ndani yake hulingana na nguvu inayousukuma. Hayo yote yamo katika fizikia ya klasiki, ile ya Newton na Maxwell, ambayo tunaiita klasiki wala si ya kale kwa sababu haijastaafu: madaraja na injini bado zinajengwa kwa kanuni zake. Lakini elektroni zilizomo ndani ya waya huo huo zinafuata sheria nyingine kabisa, na bila sheria hizo shaba isingekuwa shaba tuijuayo. Basi kati ya waya na elektroni zake, mpaka uko wapi?

Swali hili ni la wanafizikia, na msomaji anaweza kuuliza linatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Mwanafunzi aliyekulia Kabondo-Dianda huishi kati ya lugha tatu: Kiluba nyumbani, Kiswahili sokoni na kwenye reli, Kifaransa darasani. Mwenzake wa Dodoma au Tanga hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Wote wawili, wakitaka kuzungumza fizikia kwa Kiswahili, hulazimika kuchagua maneno, na katika suala hili la mpaka uchaguzi wa neno si pambo. Neno moja lililochaguliwa vibaya limewafanya watu wengi, hata wasomi, waamini kwamba fizikia ya kisasa inafundisha kuwa ulimwengu haupo mpaka mtu autazame. Makala haya yanakusudia kueleza mpaka huo kama unavyojulikana leo, na kuonyesha kwamba sarufi ya Kiswahili inatupa njia ya kuueleza ambayo Kifaransa na Kiingereza hazina kwa urahisi ule ule.

2. Ushahidi wa shaba

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba vitu vidogo ni vya kwanta na vitu vikubwa ni vya klasiki. Jibu hili lina ukweli ndani yake. Mwaka 1924 Louis de Broglie alipendekeza kwamba kila kitu kiendacho kina wimbi lake, na urefu wa wimbi hilo hupatikana kwa kugawa namba ya Planck kwa zao la uzito na mwendo wa kitu hicho. Elektroni iliyosukumwa kwa volti 100 ina wimbi lenye urefu unaokaribia upana wa atomu; ikipita katika fuwele itaonyesha dalili zote za wimbi, na ilionyesha hivyo katika majaribio ya mwaka 1927. Embe la gramu 300 linalorushwa kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde lina wimbi pia, ila urefu wake ukiandikwa kwa mita utakuwa sifuri, nukta, kisha sifuri nyingine 33 kabla ya tarakimu ya kwanza. Hakuna tundu wala fuwele yenye nafasi ndogo kiasi hicho, kwa hiyo embe huanguka kama Newton alivyosema.

Hata hivyo, jibu la ukubwa linavunjika mara tu tunaporudi kwenye waya. Mwaka 1900 Paul Drude alizichukulia elektroni za metali kama gesi: chembe ndogo zinazoruka huku na huko kati ya atomu, zikiongeza mwendo kila zinapopashwa joto. Nadharia yake ilieleza vyema kwa nini metali hupitisha umeme. Lakini ilidai jambo moja linaloweza kupimwa. Kama elektroni ni gesi ya klasiki, nazo zinapaswa kudai fungu lao la joto. Moli moja ya shaba ingehitaji takriban jouli 37.4 ili kupanda nyuzi moja: 24.9 kwa mtikisiko wa atomu na 12.5 kwa elektroni. Kipimo halisi katika joto la kawaida ni jouli 24.4. Fungu la elektroni karibu halipo kabisa.

Tofauti hii haihitaji maabara ya Ulaya. Chukua gramu 100 za shaba zilizopashwa hadi nyuzi 100, uzitumbukize katika gramu 200 za maji yenye nyuzi 25. Tukipuuza joto linalopotelea kwenye chombo, gesi ya Drude inatabiri kwamba maji yatapanda kwa nyuzi 4.9. Yatapanda kwa nyuzi 3.3. Kikombe, mizani na kipimajoto cha kawaida vinatosha kuonyesha kwamba nadharia ya klasiki imeshindwa, na imeshindwa katika kipande cha chuma kinachoshikika mkononi. Kwa maoni yangu hili ndilo jaribio ambalo lingefaa kuanza nalo katika shule za Katanga, badala ya kuanza na paka wa Schrödinger ambaye hakuna aliyemwona.

Sababu ilitolewa na Arnold Sommerfeld mwishoni mwa miaka ya 1920, akitumia kanuni aliyoitangaza Wolfgang Pauli mwaka 1925: elektroni mbili haziwezi kukalia hali moja ile ile. Hebu tufikirie behewa lililojaa abiria hadi mlangoni. Aliyebanwa katikati hawezi kusogea hata akisukumwa, kwa sababu kila nafasi iliyo karibu naye ina mwenyewe. Wanaoweza kusogea ni wale tu walio mlangoni. Hali za nishati katika shaba zimejazwa namna hiyo kutoka chini hadi juu. Joto la kawaida huwafikia wachache walio juu kabisa, na waliosalia hawalisikii. Elektroni hizo za juu zina mwendo wa takriban kilometa 1,570 kwa sekunde, na zingekuwa nao hata kama shaba ingepozwa hadi sifuri halisi. Ili elektroni hizo zianze kuwa gesi ya klasiki ingebidi joto lifike kiasi cha nyuzi 80,000, ilhali shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Kwa lugha nyingine, mchana wa Kabondo-Dianda, ambao msafiri huulalamikia, kwa elektroni za waya ni baridi kali.

Kwa hiyo mpaka tunaoutafuta haupo kati ya kidogo na kikubwa. Waya wenye urefu wa mamia ya kilometa ni wa kwanta katika namna unavyopokea joto, na ni wa klasiki katika namna unavyoning'inia.

3. Madini ya Shinkolobwe na njia iliyonyooka

Katanga ina shahidi wa pili. Karibu na Likasi kuna Shinkolobwe, ambako madini ya urani yaligunduliwa mwaka 1915. Kuanzia mwaka 1922 radiamu iliyotokana na madini hayo ilikuwa ikitengenezwa Olen, Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa Ubelgiji ikatawala soko la radiamu duniani. Baadaye, katika Vita Kuu ya Pili, urani ya Shinkolobwe ilichukua sehemu kubwa katika mradi wa Marekani wa kuunda bomu la atomu. Habari za waliochimba madini hayo kwa mikono zinastahili makala yake. Hapa tunalitazama jiwe lenyewe.

Gramu moja ya radiamu huvunja viini vyake kama bilioni 37 kila sekunde, na kila kinachovunjika hutupa chembe alfa. Baada ya miaka 1,600 nusu ya radiamu itakuwa imekwisha. Hesabu hii haikosei. Lakini ukichagua kiini kimoja na kuuliza kitavunjika lini, hakuna jibu. Si kwa sababu ya ujinga wetu, bali, kwa kadiri ijulikanavyo, kwa sababu hakuna kitu ndani ya kiini kinachokwisha kuamua. Mwaka 1928 George Gamow, na kando yake Ronald Gurney na Edward Condon, walionyesha kwamba wimbi la chembe alfa huvuja kidogo kidogo kupitia ukuta ambao chembe ya klasiki isingeweza kuuruka.

Hapa tunakutana na aina ya kwanza ya mpaka, nao ni wingi. Katika matukio ya bahati yasiyotegemeana, ukihesabu matukio 100 utakuta hesabu ikiyumba kwa kiasi cha 10 juu au chini. Ukihesabu bilioni 37 itayumba kwa laki mbili hivi, yaani sehemu moja tu kati ya laki mbili. Bahati ikikusanywa kwa wingi huonekana kama sheria. Soko lenye watu elfu kumi lina kelele ya kudumu ingawa hakuna ajuaye nani atasema nini. Walimu wengi huishia hapa. Wanasema dunia ni ya klasiki kwa sababu ni wingi wa vitu vya kwanta, basi.

Maelezo hayo hayatoshi, na aliyeona kwamba hayatoshi ni Nevill Mott, katika makala yake ya mwaka 1929. Wimbi la chembe alfa linalovuja kutoka kiini cha radiamu hutoka pande zote kwa usawa, kama duara la maji lililozaliwa na jiwe lililotupwa mtoni. Halina upande linaoupendelea. Lakini radiamu ikiwekwa katika chumba cha ukungu, kile chombo kilichobuniwa na C. T. R. Wilson ambamo mvuke hugeuka matone palipopita chembe yenye chaji, tunaona nini? Hatuoni ukungu uliotanda pande zote. Tunaona mistari iliyonyooka, mmoja mmoja, kama nyuzi zilizovutwa. Duara limekwenda wapi?

Mott hakutaka kusema kwamba mtu aliyetazama ndiye aliyelivunja duara. Alifanya jambo jingine: aliziingiza atomu za gesi katika hesabu, akaziacha nazo zifuate sheria za kwanta. Akakuta kwamba uwezekano wa atomu mbili kuondolewa elektroni zao na chembe ile ile ni mdogo mno, isipokuwa kama atomu hizo na kiini kilichovunjika vimo katika mstari mmoja. Duara lipo, lakini ni duara la mistari inayowezekana. Na kila mstari umefungamanishwa na kumbukumbu yake yenyewe katika gesi. Chembe alfa ya radiamu huenda kama sentimita tatu tu hewani, na katika sentimita hizo huacha nyuma yake zaidi ya jozi 100,000 za ioni. Njia yake imeandikwa mara laki moja kabla mtafiti hajafungua macho.

Nimekaa juu ya jambo hili kwa makusudi. Mengi yaliyogunduliwa baadaye yamo ndani yake kama mbegu.

4. Kupimwa na kupimika

Sasa tuingie katika lugha. Vitabu vya Kiingereza na Kifaransa husema kwamba hali ya kwanta hubadilika inapokutana na mtu au kitu ambacho hupewa jina moja, linaloweza kumaanisha binadamu anayetazama au chombo kinachorekodi. Utata huo umezaa vitabu vingi vya falsafa nyepesi. Mfasiri wa Kiswahili akiandika mtazamaji, amekwisha kuchagua: kiambishi m- cha ngeli ya kwanza kimeleta mtu mwenye macho na nia. Akiandika kipimio au kitazamio, ameleta chombo. Hawezi kubaki katikati. Wengine wataona huu ni upungufu wa lugha. Mimi naona ni faida, maana ngeli inatulazimisha tuulize swali ambalo lugha nyingine zinaturuhusu kulikwepa: ni nani, au ni nini, kinachotenda?

Jibu la fizikia ya leo ni kwamba si lazima awepo mtendaji wa ngeli ya kwanza, wala hata chombo kilichotengenezwa kwa kusudi hilo. Na hapa Kiswahili kina silaha bora zaidi. Mlango umefunguliwa: yupo aliyeufungua, ingawa hatajwi. Mlango umefunguka: tunaelezwa hali ya mlango, na huenda ni upepo. Kauli ya kutendwa inaficha mtendaji. Kauli ya kutendeka haimhitaji. Kwa mantiki hiyo, chembe alfa katika chumba cha ukungu haijapimwa, imepimika. (Mwenye kujali sarufi atakumbuka kwamba inapimika, katika wakati uliopo, yaweza kumaanisha tu kwamba yawezekana kuipima, ni wakati timilifu unaoleta maana ya hali iliyokwisha kutokea, nayo ndiyo tunayoihitaji.) Kupimika ni kuacha alama katika mazingira, alama ambayo ingetosha kumjulisha mtu kilichotokea kama angejishughulisha kuisoma.

Ili kuona kwa nini alama hiyo ina uzito, tukumbuke tabia ya mawimbi. Mitumbwi miwili ikipita Lualaba, mawimbi yake hupandana: kilele kikikutana na kilele maji huinuka zaidi, kilele kikikutana na bonde maji hutulia. Chembe ya kwanta yenye njia mbili mbele yake hufanya vivyo hivyo. Sehemu zake mbili hupandana, na ukutani hutokea mistari ya weusi na weupe. Mpandano huu hauwezi kuelezwa kwa kusema chembe imepita hapa au pale, kwa kuwa mistari isingetokea. Wala kwa kusema imepita hapa na pale, kwa kuwa kila ikinaswa hunaswa ikiwa nzima. Mistari hudumu maadamu mawimbi mawili yanalandana, kama ngoma mbili zinazoshika mdundo mmoja. Njia mojawapo ikiacha alama mahali popote, hata katika molekuli moja ya hewa iliyopiga kumbo na kwenda zake, ulandanifu huo unahamia katika uhusiano kati ya chembe na molekuli ile. Haujaharibika ulimwenguni. Umepotelea katika mazingira, ambako hakuna awezaye kuukusanya tena, na palipobaki tunaona mambo kana kwamba ni hapa au pale.

Upotevu huu wa ulandanifu ulianza kuchunguzwa kwa makini na H. Dieter Zeh mwaka 1970, na Wojciech Zurek kuanzia 1981. Zurek alitoa mfano ambao kila msomaji ataukumbuka: kitu cha gramu moja, katika joto la kawaida, kilicho katika mpandano wa mahali pawili palipoachana sentimita moja. Muda wa kupoteza ulandanifu ni mfupi kuliko muda wa kitu hicho kutulia kwa msuguano kwa kiasi cha namba 1 yenye sifuri 40. Hata kama msuguano ungechukua umri wote wa ulimwengu, ulandanifu ungekwisha kabla mwanga haujavuka atomu moja. Ndiyo maana hatujapata kuona embe likiwa mahali pawili. Si kwa kuwa sheria imekataza. Hewa, mwanga na joto vinalipima embe bila kukoma.

Huo ulikuwa mwanzo wa hesabu, na hesabu peke yake haishawishi. Ushawishi ulikuja kutoka Paris na Vienna. Mwaka 1996 Serge Haroche, mzaliwa wa Casablanca, pamoja na wenzake, walifungia fotoni chache katikati ya vioo viwili na kuziweka katika mpandano wa hali mbili, kisha wakautazama ukififia. Kadiri hali hizo mbili zilivyotofautiana zaidi ndivyo ulandanifu ulivyopotea upesi zaidi, kama nadharia ilivyodai. Katika kazi zao za miaka ya 2000 vioo vilikuwa vya shaba iliyopakwa niobi, na viliweza kuishikilia fotoni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, muda unaoitosha mwangaza kusafiri maelfu ya kilometa ukipiga huku na huku. Haroche alipata tuzo ya Nobel mwaka 2012 pamoja na David Wineland.

Huko Vienna, kikundi cha Anton Zeilinger na Markus Arndt kilionyesha mwaka 1999 kwamba molekuli ya kaboni yenye atomu 60 hutoa mistari ya mpandano. Kisha wakafanya jambo ambalo kwa suala letu lina uzito zaidi: waliuondoa mpandano huo makusudi. Kwanza, mwaka 2003, waliongeza gesi kidogo kidogo katika chumba, na mistari ikafifia kwa kiasi kilichotabiriwa. Mwaka uliofuata waliipasha molekuli ya kaboni yenye atomu 70 kwa leza hadi ikaanza kung'aa yenyewe. Molekuli yenye joto hutoa fotoni, na fotoni hubeba habari ya mahali ilipotoka. Mistari ikatoweka. Hapakuwa na mtu aliyezikusanya fotoni hizo. Ziliishia katika kuta za chombo. Molekuli ilijisaliti kwa joto lake mwenyewe. Sioni jinsi mtu anayejua jaribio hili atakavyoendelea kuandika mtazamaji.

5. Neno juu ya istilahi

Kiswahili cha pande mbili za Ziwa Tanganyika kinaazima kutoka lugha mbili tofauti. Anayesoma kwa Kiingereza atasema kwanta na dikohirensi. Anayesoma kwa Kifaransa ataelekea kantiki na dekoheransi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyochukua Kiingereza kuwa mlango wake, na hilo lilieleweka kwa mahitaji ya Tanzania. Lakini Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na watumiaji wake huko ni mamilioni. Istilahi inayodai kuwa ya Kiswahili chote haina budi kusikika pande zote mbili.

Kwa kwanta sina ugomvi. Imekwisha kuzoeleka na asili yake ni Kilatini, si ya Mwingereza wala Mfaransa. Kwa dhana nyingine naona ni afadhali kuchimba nyumbani. Kupandana na kulandana ni vitenzi vyenye umbo la kutendana, na dhana zenyewe ni za kutendana. Mpandano, ulandanifu na upotevu wa ulandanifu zinamweleza mwanafunzi jambo kabla hajafungua kitabu, na hazimgawi Mkongo na Mtanzania.

Neno mpaka lenyewe lataka kutazamwa. Kwa Kiswahili, kama nomino, ni mstari uliowekwa na watu. Kama kihusishi, ni mwendo unaofika mahali. Tukisema mpaka wa kwanta na klasiki tukimaanisha nomino, tutautafuta mstari ambao haupo. Niels Bohr aliuweka mstari huo kwa hiari, akisema vyombo vya kupimia vielezwe kwa lugha ya klasiki, na wengi walimwona hatosheki kusema uwekwe wapi hasa. Msafiri wa reli anayetoka Lubumbashi kwenda Kamina hukisikia Kiluba kikiongezeka katika Kiswahili cha abiria, lakini hakuna stesheni ambapo mtu anaweza kushuka na kusema Kiswahili kimekoma hapa. Katika fizikia pia kuna mteremko, na jambo la maana ni kwamba mteremko huo sasa unapimwa, kwa joto la molekuli, kwa wingi wa gesi, kwa tofauti ya hali zilizopandana.

6. Lililobaki

Ingekuwa udanganyifu kumwacha msomaji akidhani kwamba suala limekwisha. Upotevu wa ulandanifu unaeleza kwa nini na hugeuka kuwa au. Hauelezi kwa nini, miongoni mwa yale yaliyotenganishwa na au, ni moja tu tunaloliona. Chembe alfa ya Mott ina mistari yote inayowezekana, kila mmoja na kumbukumbu yake. Chumba cha ukungu kinatuonyesha mmoja. John Bell, katika makala yake ya mwaka 1990, aliwakemea wenzake kwa kuuruka ufa huu kimyakimya, na alikuwa na haki. Wafuasi wa Hugh Everett, tangu 1957, hudai kwamba mistari yote hutokea na sisi tumo katika mmojawapo. David Bohm, mwaka 1952, alirudisha chembe zenye njia halisi zinazoongozwa na wimbi. Ghirardi, Rimini na Weber, mwaka 1986, walipendekeza kwamba sheria yenyewe ibadilishwe kidogo, ili vitu vikubwa vijikunje vyenyewe mahali pamoja. Pendekezo hili la mwisho lina sifa moja ambayo mengine hayana kwa urahisi: laweza kushindwa katika maabara, kwa kuwa linadai kwamba juu ya kiasi fulani mpandano hauwezekani hata pasipo mazingira.

Ndiyo sababu watafiti wanaendelea kupandisha kiasi hicho. Mwaka 2019 kikundi cha Vienna kilipata mistari kwa molekuli zenye karibu atomu 2,000, zenye uzito uliozidi ule wa haidrojeni mara 25,000. Njia nyingine haikupitia molekuli. Mwaka 1984 na 1985, katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, John Clarke, Michel Devoret na John Martinis walichukua saketi ya umeme, kitu cha kushikwa mkononi, wakaipoza hadi karibu na sifuri halisi na kuikinga na kila kelele ya nje. Mkondo wa saketi nzima, uliokusanya elektroni zisizohesabika, ulivuja kupitia ukuta wa nishati kama chembe alfa ya Gamow, na nishati yake ikawa ya ngazi ngazi kama ya atomu. Tuzo ya Nobel ya mwaka 2025 ilitolewa kwa kazi hiyo, na tarakilishi za kwanta zinazoundwa leo katika maabara nyingi zimejengwa juu ya saketi za aina hiyo. Adui mkubwa wa waundaji wake ni yule yule: fotoni moja ya joto inayopenya, kasoro moja katika tabaka la oksidi, na saketi imepimika.

Waya wa reli nao ni saketi. Uko hewani, juani, ukipigwa na vumbi na kutikiswa na kila treni, na hakuna aliyeukinga na lolote. Mkondo wake mzima unapimika mfululizo, usiku na mchana, huku ndani yake elektroni zilizobanwa katikati ya behewa zikiwa hazina hata habari kwamba jua limechomoza.